Shangazi, marafiki zangu wanadhani navaa Uturuki

Barua hii tumeipunguza kidogo. Majina yote si ya kweli.

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27. Kwetu ni Muheza, lakini Dar nina mwaka wa nane sasa. Naishi Tabata, chumba na sebule, na kazi yangu ni mapokezi kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Makato yakishapita nabaki na laki sita na nusu. Naanza na hesabu kwa sababu ndiko uongo wangu ulikoanzia.

Tuko watano, tumetoka chuo pamoja. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunatoka: Masaki, Mikocheni, mara nyingine Mbezi Beach, popote palipofunguliwa mgahawa mpya wenye taa nzuri za picha. Siku hiyo hakuna anayerudia nguo. Hakuna aliyeweka sheria, ila ukirudia gauni utasikia, "Hili si lile la bethidei ya Zai?" na meza nzima itageuka kulitazama.

Chakula nacho kina yake. Mwaka jana kuna mwezi mshahara ulichelewa, nikaagiza supu ya samaki na maji. Wenzangu walikuwa na kamba wa kuchoma, sinia la mishikaki, kokteli mbili mbili. Bili ikaja 325,000. Doreen akapiga hesabu papo hapo: "Sitini na tano kila mtu, tusisumbuane." Mhudumu akaleta kile kibao cha lipa namba, kikaanza kuzunguka meza. Nikasema naenda kunawa. Kule chooni nikaomba mkopo kwenye programu moja ya simu, nikafungulia bomba ili wanaopita wasikie maji, nikasubiri ujumbe uingie. Nikarudi, nikalipa, nikaendelea kucheka na wenzangu. Supu yenyewe ilikuwa ya 15,000.

Sasa nguo. Shangazi, kabati langu lote ni mtumba. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko soko la Karume, mabalo yanapofunguliwa, kabla wenye maduka hawajachambua vile vizuri. Mkono wangu unajua kitambaa hata nikifumba macho. Gauni la hariri nimewahi kulitoa chini ya rundo la wauzaji wanaoimba "chagua buku, chagua buku". Mama yangu ni fundi cherehani, nadhani nimerithi kwake.

Wenzangu hawajui. Siku za mwanzo tulikuwa tumekaa mahali, akapita dada mmoja amependeza kweli, Doreen akashika pua, akasema, "Nasikia harufu ya Karume." Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Wiki iliyofuata Lulu akalisifia gauni langu, akauliza nimelitoa wapi. Mdomo ukanitangulia: "Uturuki. Kuna dada huwa ananiletea."

Wakaanza kuniagiza. Nanunua gauni kwa 8,000 au 12,000. Naliloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi na siki mpaka ile harufu ya balo iondoke, naanika kivulini, napiga pasi. Halafu nakaa na wembe chini ya taa, naibandua lebo ya zamani uzi kwa uzi, nashonea nyingine. Hizo lebo nimezipata Kariakoo kwa dazeni, zimeandikwa Istanbul. Gauni naliingiza kwenye nailoni mpya. Moja nauza 70,000, jingine 90,000. Kwa mwaka mmoja nimeuza magauni 31, na faida yote imeishia kwenye Ijumaa zile zile.

Yaliyonileta kwako ni haya. Lulu anaolewa, harusi ni wiki tisa kutoka leo. Ana wapambe wanane, na ameniomba niwaletee magauni ya kijani cha zumaridi, yote sare, kutoka "kwa dada yako wa Uturuki". Kila mpambe amenitumia 180,000, na ya kutolea. Jumla 1,440,000. Lulu mwenyewe akaniambia, "Usiache kuweka cha juu chako, najua ni kazi." Karume huwezi kupata magauni mawili yanayofanana, sembuse manane.

Nimeshakula 520,000 katika hizo. Laki tatu zilikwenda kwenye bethidei ya Doreen, wikiendi ya Zanzibar. Laki mbili na ishirini nimelipia ile programu ya mikopo, maana walianza kutuma ujumbe kwa watu walio kwenye simu yangu, hadi kwa bosi wangu, kwamba mimi ni tapeli. Niko kwenye mchezo wa ofisini, watu kumi kwa 50,000, lakini zamu yangu ni mwezi wa pili, harusi itakuwa imeshapita.

Na juzi Lulu kanipigia anafurahi: binamu yake anasoma Istanbul, yuko tayari kwenda dukani kuyaangalia magauni kabla hayajasafirishwa. Nitaje duka. Nikasema liko Laleli, jina nitamtumia. Laleli yenyewe nimeisoma mtandaoni. Kumbe kwa huyo binamu na Laleli ni vituo vichache vya tramu.

Nimewaza kusema mzigo umekamatwa forodhani. Kwa kazi yangu wataamini. Nimewaza kutoka kwenye kundi na kubadilisha namba. Nimewaza kwenda Kariakoo nikanunue yoyote ya kijani. Kusema ukweli ndiko kunakonishinda, kwa sababu wakijua nguo zangu ni za wapi, sitakuwa na rafiki Dar es Salaam. Nifanyeje?

Mwenye Wembe, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilishika kichwa kwa ajili ya zile fedha. Mara ya pili nikarudi kwenye ile taa na ule wembe, nikakuona ukibandua uzi mmoja mmoja saa nane ya usiku ili asubuhi upendwe na watu ambao tayari wanakupenda vya kutosha kukukabidhi harusi yao.

Nikikuelewa, hivi ndivyo ilivyo. Una jicho la nguo ambalo wengi wanalitafuta hawalipati. Uliona aibu ya soko unakolitumia hilo jicho, ukasema neno moja, Uturuki, na hilo neno likageuka biashara. Biashara ikawa inakulipia meza ambayo huimudu. Sasa kuna fedha za watu wanane mikononi mwako, zimepungua, na kuna kijana Istanbul anasubiri jina la duka. Wewe mwenyewe umefungasha yote hayo pamoja na kuyaita aibu ya mtumba. Mimi naomba tulifungue balo kama unavyofungua ya kwako Jumamosi, kipande kwa kipande, kwa sababu baadhi ya vilivyomo humo havina kosa lolote.

Huo mtumba, kwa mfano. Mimi nilikuwa msichana wakati maduka ya nchi hii yalikuwa na rafu tupu. Mwaka 1983 kitenge cha kiwanda cha Urafiki ulikipangia foleni, na ukikipata hukuchagua ua. Serikali ilipolegeza mwaka uliofuata, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuingiza bidhaa, ndipo mitumba ikaanza kuonekana mchana kweupe. Tuliiita kafa Ulaya, kwamba mwenye nguo lazima awe amefariki huko ndiyo ikatufikia sisi. Tuliivaa na jina lake hilo, tukaenda nayo kanisani, na mwenye gauni la kafa Ulaya alikaa benchi la mbele. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki wakaazimia mitumba iwe imeondoka ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kweli, sisi wengine tuko Karume mpaka leo. Soko lenyewe liliungua Januari 2022, watu wakarudi wakapanga meza juu ya majivu. Kwa hiyo ukiniambia aibu, nauliza ni ya nani na ilianza lini, kwa sababu mimi sikuikuta.

Unasema wakijua hutakuwa na rafiki. Ushahidi wako, nikiupekua, ni sentensi moja ya Doreen, aliyoisema miaka kadhaa iliyopita, juu ya mtu mwingine. Lulu hayumo. Zai hayumo, ila kwenye kicheko, ambacho na wewe ulikitoa. Na huyo Doreen mwenyewe, hebu tumwangalie kidogo: amejuaje harufu ya Karume? Ile harufu ya balo haiko Masaki. Anayeitambua kwa dada anayepita tu, amewahi kuwa nayo karibu na pua yake, pengine nyumbani kwake. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujui, na umeendesha maisha yako kwa miaka kana kwamba unajua.

Vivyo hivyo kwa Ijumaa zenu. Barua yote imeandikwa kama vile wanne wana fedha na mmoja anaigiza. Umewahi kumuuliza Zai anavyolipa? Hizo 65,000 mara kumi na mbili ni 780,000 kwa mwaka, zaidi ya mshahara wako wa mwezi mzima, na hapo hatujagusa nauli, nywele, kucha wala zawadi ya bethidei. Wasichana wa umri wenu wenye kuzimudu hizo bila kuhema wapo, lakini si wengi kiasi cha kujaza kila meza ya mji huu. Kwenye meza ya watu watano wanaogawana bili sawa kwa sawa, sina uhakika ni wangapi walikwenda kunawa.

Nimekaa sana na hilo la bei. Kununua gauni kwa 8,000 na kuliuza 70,000 si wizi. Umeamka alfajiri, umechambua, umeloweka, umepiga pasi, umemjulia mwenzio kipimo na rangi inayomkubali. Hiyo ni kazi, na Lulu ameisema kwa mdomo wake alipokuambia uweke cha juu. Tatizo ni kwamba ile 90,000 haikuwa ya kazi yako yote. Sehemu yake ilikuwa ya neno Istanbul. Kiasi gani? Hapo ndipo nisipoweza kukusaidia, kwa sababu ili ujue ingebidi ungewauzia bila lebo, na hukujaribu hata mara moja. Huenda wangelipa 60,000 kwa furaha. Huenda wangelipa 20,000. Ulijikosesha nafasi ya kujua thamani yako, na hilo, mwanangu, limeniuma kuliko uongo wenyewe.

Lakini fedha za wapambe ni jambo jingine, na hapo sitakulainishia maneno. Wanane hao hawakukuudhi. Wengine huenda hata huwajui sura. Wametuma na ya kutolea.

Haya, njia zako.

Ile ya forodha naiona inavyovutia. Unaijua lugha yake, na unajua mzigo hukaa. Ila na wewe unajua kuliko mimi kwamba mzigo una hati na una namba ya kufuatilia, na siku hizi kila mtu ana shemeji anayefanya kazi bandarini. Mwenye kuoa akisema "nipe namba tu, nina mtu pale", utampa ipi? Tena utakuwa umelichomeka jina la kazi yako kwenye uongo ambao mpaka sasa ulikuwa wa kabatini. Na mwisho wake bado hakuna magauni, na 520,000 bado haipo.

Kukimbia, kubadilisha namba. Inawezekana, Dar ni kubwa. Lakini utakuwa umekimbia na fedha za harusi, na kwa hilo watu hawaishii kwenye kukusema. Wanakwenda polisi, na wana haki. Usije ukaliona jambo hili kama suala la marafiki tu.

Kariakoo ina uzito zaidi. Magauni ya Uturuki yapo pale ya kweli, na yapo ya China yanayoitwa Uturuki, maana neno hilo sasa linanyunyizwa kama chumvi. Unaweza kuyapata manane yanayofanana? Wauzaji wa jumla huleta kwa seti za saizi, na saizi za seti mara nyingi ni za wasichana wembamba. Wapambe wanane wa harusi ya Kiswahili wana maumbo manane. Yupo wa saizi 8, yupo wa saizi 20. Pia kuna mawakala wa kargo wanaoagiza moja kwa moja kutoka huko huko Istanbul kwa ndege, na wiki tisa zinaweza kutosha kama rangi na vipimo vikienda sawa mara ya kwanza. Ukipita njia hiyo, uongo wako utageuka ukweli kwa mlango wa nyuma, na sitajifanya sioni ilivyo nafuu kwako. Ila angalia mahali inapovuja. Una 920,000, sawa na 115,000 kwa kila gauni, nauli ya mzigo ikiwa ndani. Binamu bado anataka duka, na likipatikana la kweli, atauliza mmefahamiana nalo tangu lini. Na harusi ikipita, oda ya kumi itakuja, na ya ishirini, na wewe utakuwa umemthibitishia kila mtu kwamba dada wa Uturuki yupo.

Njia nyingine ni fundi, na nashangaa binti wa fundi cherehani hakuitaja. Sema krepu nzuri 12,000 kwa mita, mita nne kwa gauni, 48,000. Ushonaji 45,000. Jumla 93,000, mara nane ni 744,000. Bei za mtaani kwako utazihakiki mwenyewe, mimi nimekisia. Zikikaribia hapo, fedha uliyonayo inatosha kuwavisha wote, sare, kila mmoja kwa kipimo chake, na inabaki 176,000. Hapo kila mpambe utakuwa unadaiwa naye kumwomba radhi, na 87,000 za kurudisha, kwa sababu alilipia kitu kingine. Ukizidisha kwa wanane na kutoa hicho kilichobaki unarudi pale pale kwenye 520,000 ulizokula. Hesabu haina huruma lakini angalau ina kikomo, na kikomo hicho kinakaribia sana laki tano za mchezo wenu. Kijumbe, yule anayekusanya fedha za mchezo, huwa anabadilisha zamu za watu wenye shughuli. Kumwomba si aibu. Ugumu uko baadaye: ukishapokea mapema, utakuwa unatoa 50,000 kila mwezi kulipia kitu kilichokwisha, na mwezi utakaoshindwa, wenzako wa ofisini ndio watakaoumia.

Lakini njia ya fundi haipitiki gizani. Huwezi kuwapima watu vipimo Tabata kwa ajili ya gauni la Istanbul. Lazima mtu ajue, na wa kwanza kujua, kwa jinsi ninavyoona, si kundi. Ni Lulu.

Nimejaribu kumwazia Lulu akiisikia habari hii. Anaweza kulia. Anaweza kukasirika hadi akakutoa kwenye harusi, na akataka pia fedha za magauni aliyonunua nyuma. Anaweza kumpigia Doreen kabla hujafika kituo cha daladala, na jioni hiyo hiyo ukaisoma habari yako kwenye grupu. Hayo yote ni ya kweli na siwezi kukuhakikishia hayatatokea. Anaweza pia akakaa kimya, kisha akauliza kitu ambacho hukukitegemea, kama vile ni meza ipi ya Karume. Wewe umekuwa naye tangu chuo. Mimi nimemjua kwa barua moja tu, na katika barua hiyo amesema jambo moja la ukarimu kuhusu kazi yako, na hakuna alilosema dhidi ya mtu.

Kuna pia upande wa kumwonea huruma yeye. Bibi harusi ana ukumbi, ana kamati, ana mama mkwe, ana send-off. Unaweza kuamua kumficha mpaka harusi ipite, umshonee magauni kwa maelezo mengine, halafu umwambie baada ya fungate. Wapo watakaokuambia huo ndio upendo. Mimi nina wasiwasi na yule binamu tu: ukweli huu ukimfikia Lulu kutoka Istanbul badala ya Tabata, hautakuwa tena ule ule. Na binamu anasubiri jina wiki hii.

Ukiamua kusema, nakuomba mambo mawili madogo. Usiseme kwenye simu, wala siku ya Ijumaa mezani. Mfuate kwake, jioni, na uende na hesabu imeandikwa kwenye karatasi: zilizoingia, zilizobaki, zilizotumika na zimetumika wapi. Hata hizo za Zanzibar ziandike. Mtu aliyedanganywa huanza kuhisi kila kitu ni uongo, na karatasi humpa kitu cha kushika. La pili, usianze na mtumba. Najua ndio unaokuchoma, lakini kwake yeye la kwanza ni magauni yako wapi.

Kuhusu ile programu ya mikopo, hapo wewe ndiye uliyekosewa. Mtu kukudai hakumpi ruhusa ya kumwandikia bosi wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Itafute uone kama yako imo. Malalamiko yanapokelewa Benki Kuu kwenyewe, na kwa kuwa wametumia namba za watu waliomo kwenye simu yako, ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi zile jumbe walizotuma, usizifute kwa hasira. Na hata mambo yakibana vipi kabla ya harusi hii, usirudi huko kuziba 520,000. Mtaani wanaita kausha damu, na aliyetunga jina hilo nadhani aliwahi kukopa.

Ijumaa sijakuambia uache. Kukaa na wenzio, kuvaa ukapendeza, kula kamba ukitazama bahari, hayo ni mambo mazuri ya ujana na mimi siyaonei wivu, ila kidogo. Lakini najiuliza ingekuwaje siku moja ukasema, kabla mhudumu hajachukua oda, "Mimi leo nalipia changu." Sentensi nne hazihitajiki. Au ukawaalika ufukweni Coco, mihogo ya kukaanga na kachumbari na mishikaki, kila mtu kwa elfu kumi yake, wakiwa wamevaa hayo hayo magauni. Yupo atakayenuna. Yupo pia atakayeshusha pumzi, na utamjua, kwa sababu wewe mwenyewe umeishusha mara nyingi ukitoka chooni.

Kama utamwambia Lulu au hutamwambia, na kama utawaambia wengine, sitakuamulia. Mimi nitafunga barua hii niende kupika, wewe ndiye utakayekaa mbele yake. Ninachojua ni kwamba una siku nyingi kidogo kuliko unavyodhani kwa magauni, na chache kuliko unavyodhani kwa lile jina la duka.

Uniandikie iwe vyovyote itakavyokuwa. Na kama katika hayo yaliyobaki kabatini liko gauni la saizi 18, lenye mikono, lisilobana tumbo, niwekee. Nitalilipia na cha juu chako. Ila hilo usiliguse lebo, liache na jina lililokuja nalo.

Shangazi